Familia ya watu kumi na mmoja na hoteli ya kando ya ziwa: uchambuzi wa kisa kimoja karibu na Bukavu

Kisa hiki kilitokea kiangazi kimoja kabla ya Februari 2025, mwezi ambao waasi wa M23 waliingia Bukavu, mashariki mwa Kongo, na safari za wikendi zikawa jambo lingine kabisa. Majina, rasi ambayo hoteli imejengwa na mwaka wenyewe nimeviondoa. Hesabu za pesa nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Mimi ni mwalimu wa wafanyakazi wa hoteli. Mwenye hoteli aliniita baada ya mambo kuharibika, na mama mmoja wa familia akakubali kunisimulia upande wao. Pale simulizi zao zisipokubaliana, nimeonyesha.

Usuli

Hoteli iko ufukweni, kaskazini mwa Bukavu, upande wa Kabare. Ina vyumba 12, bustani pana inayoshuka hadi majini, na jiko la nje. Kutoka barabara kuu unashika njia ya udongo ambayo kiangazi ni vumbi tupu na masika ni utelezi. Wateja wake wa kila siku ni watu wa mashirika wanaokuja kwa semina. Wikendi huja familia na maharusi.

Kiangazi chetu, Juni hadi katikati ya Septemba, ndiyo majira ya harusi, na ndipo ndugu walioko Ulaya hurudi likizo. Familia hii ilikuwa imetoka kupokea mahari ya binti yao mjini. Walitaka kupumzika pamoja siku tatu mbali na kelele: watu 11, kuanzia mama mkubwa mwenye miaka zaidi ya sabini na presha, hadi watoto wawili waliozaliwa Ubelgiji. Walichukua vyumba sita kwa dola 45 kila kimoja, usiku tatu, jumla dola 810. Avansi, yaani malipo ya awali, ya dola 400 ilitumwa kwa simu.

Aliyeagiza ni binti wa pili wa familia. Aliona picha za hoteli, akapiga simu, akauliza mambo manne: umeme, maji ya moto, samaki wa ziwani na utulivu. Kwa yote alijibiwa na kijana wa mapokezi, na wote wawili wanakumbuka maneno karibu sawa:

“Maji ya moto iko?”

“Iko, mama, hakuna shida.”

“Na umeme?”

“Umeme iko. Muje tu.”

Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ujumbe pekee uliobaki kwenye simu unasema vyumba sita, tarehe, na “karibuni sana”.

Yaliyotokea

Ijumaa walitarajiwa saa kumi jioni. Gurudumu la gari la pili lilitoboka njiani, wakafika saa mbili na nusu usiku bila kupiga simu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ulikuwa umekatika tangu mchana. Jenereta lilikuwa likiwaka tangu saa kumi na mbili, giza linapoingia kwetu, na kwa kawaida ya nyumba hiyo huzimwa saa nne usiku. Hilo hawakuambiwa walipopiga simu wala walipofika.

Wakakaa mezani. Orodha ya vyakula ilikuwa ndefu, imechapishwa vizuri na kuwekwa plastiki, na kila mtu akachagua chake: kuku, mbuzi, tilapia, chipsi kwa watoto, bugali na sombe (majani ya muhogo) kwa wazee, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa wote. Jikoni kulikuwa na mpishi mmoja, msaidizi mmoja na mbabula mbili, yaani majiko ya makala (mkaa). Sambaza hazikuwapo. Mhudumu alisema “zimeisha”, akaondoka.

Sahani ya kwanza ilitoka saa nne kasoro robo. Dakika kumi na tano baadaye jenereta likazimwa, wengi wakiwa hawajaanza kula. Sahani ya mwisho ililiwa saa tano na robo kwa mwanga wa simu. Mjomba alipouliza, mlinzi akamjibu kwamba ni sheria ya nyumba.

Jumamosi alfajiri mama mkubwa alifungua bomba la maji ya moto. Yalikuja ya baridi. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai huko mtu huvaa sweta. Alirudi kitandani bila kuoga. Dada wa usafi alipomkuta amejifunika mablanketi mawili hakungoja kutumwa: aliwasha mbabula, akachemsha maji kwenye sufuria ya jikoni, na kabla ya saa mbili kila chumba kilikuwa kimepata ndoo yake mlangoni. Hadi leo familia nzima inamtaja dada huyo kwanza.

Mchana ulikuwa mzuri kupita kiasi. Vijana walikwenda Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, wazee wakabaki chini ya miti wakitazama mitumbwi. Kama kisa kingeishia hapo, nisingekuwa na cha kuandika.

Waliporudi jioni walikuta lori likishusha spika. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa bustanini kwa watu zaidi ya mia mbili, na turubai limefungwa mita chache kutoka madirisha ya vyumba vinne kati ya sita vyao. Ilikuwa sherehe ya harusi ya watu wengine, iliyokubaliwa katikati ya wiki hiyo hiyo. Mwenye sherehe alikuja na jenereta lake, ambalo halikuwa na sheria ya saa nne.

Saa nne usiku mjomba alimfuata mwenye hoteli.

“Muzee, hii muziki itaisha saa ngapi?”

“Saa sita, papa. Ile ni lazima.”

Ulizimwa saa tisa na nusu. Mlinzi wa usiku alikuwa amesaidia kuhamisha godoro la mama mkubwa hadi chumba cha semina upande wa pili wa jengo, na huko akapata usingizi kidogo. Wengine hawakulala.

Jumapili asubuhi familia ikasema inaondoka na inataka avansi yake yote. Mapokezi yakatoa faktire (hati ya madai): vyumba dola 810, chakula dola 186, na juu yake TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, jumla dola 1,155.36. Ukiondoa avansi, walidaiwa dola 755.36. Binti akatoa noti ya mia moja apate angalau kulipa chakula. Mhasibu akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akaonyesha mpasuko mdogo pembeni usiofika hata urefu wa ukucha, akairudisha. Hapo ndipo sauti zilipopanda.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Mwenye hoteli si mtu wa hila, na kila alichofanya kilikuwa na hesabu nyuma yake. Umeme wa Bukavu hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi: moja la mwishoni mwa miaka ya 1950 na jingine la 1989, ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi. Mahitaji yameupita umeme uliopo, kwa hiyo delestaji, yaani mgao wa umeme, ni sehemu ya maisha, na huko pembeni mwa mji ni zaidi. Jenereta lake ni la kVA 10, linakula mazutu (dizeli) lita mbili hadi tatu kwa saa, na mazutu huja kwa bidoni kutoka mjini. Kwa bei ya dola 45 asingeweza kuliacha liwake hadi asubuhi.

Kuhusu maji ya moto, kila chumba kina boila ya wati 1,500. Zikiwashwa zote 12 zinataka kilowati 18, na jenereta hilo kwa ubora wake linatoa karibu nane. Ndiyo maana fundi alizitenganisha nalo tangu siku ya kwanza. Isitoshe, boila ya lita 80 inahitaji zaidi ya saa mbili kupasha maji yake. SNEL ikikatika mchana na watu wengine wakaoga jioni, alfajiri hakuna kitu. Kijana wa mapokezi aliyesema “iko” hakusema uongo kwa macho yake: boila zipo, zinaonekana ukutani.

Sambaza nazo zilikuwa na sababu nzuri ambayo hakuna aliyeisema. Samaki hawa, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi wengi hawatoki, na sokoni sambaza huwa haba na ghali. Wikendi ile mwezi ulikuwa mpevu. Watoto wa Ubelgiji wangeketi kusikiliza habari hiyo kwa hamu. Badala yake waliambiwa zimeisha.

Uamuzi wa kupokea harusi ulikuwa wa pesa. Sherehe moja ya bustanini, na vinywaji vyake, humlipa kuliko vyumba vyote kwa wikendi mbili za masika. Alinieleza hivi: vyumba ni biashara moja, bustani ni biashara nyingine, na familia ilikodi vyumba. Hakuwapigia simu kwa sababu aliogopa wangefuta.

Familia nayo ilifanya maamuzi. Waliamini picha. Waliuliza maswali yanayojibika kwa “ndiyo” na hawakuuliza “kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi”. Walichelewa zaidi ya saa nne bila kupiga simu, kisha wakaagiza vyakula saba tofauti kwa watu 11 usiku. Na Jumamosi jioni, lori likishusha spika, walikaa kimya kwa heshima wakingoja mtu aje awaeleze. Mama aliyenisimulia alisema hawakutaka kuonekana watu wa Ulaya wanaolalamika.

Matokeo

Ugomvi ulitulizwa na mzee mmoja wa kijijini anayeheshimiwa na pande zote mbili. Aliwakalisha kwa kahawa na kuwauliza jambo moja moja. Makubaliano yalikuwa haya: usiku wa Ijumaa ulilipwa wote, dola 270, usiku wa Jumamosi nusu, dola 135, wa Jumapili haukulipwa. TVA iliondolewa, kwa sababu haikutajwa kwenye simu na hoteli haikuweza kutoa faktire iliyonyooka ya kodi hiyo. Chakula kililipwa chote. Juu ya avansi, familia iliongeza dola 191, zikatolewa kwa noti nyingine.

Wakaondoka saa tano asubuhi. Hawajarudi kama familia, ingawa binamu mmoja alileta wenzake wa kazini miezi michache baadaye na kuomba chumba cha upande wa semina.

Uchambuzi

Nilipowauliza familia ni nini kiliwaudhi zaidi, wa kwanza alitaja maji ya moto, wa pili chakula kuchelewa, wa tatu noti. Muziki ulikuja wa nne. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduka, na nitaeleza kwa nini.

Kuna mambo ambayo mgeni anayatarajia kwa haki popote anapolipia kitanda, iwe dola 15 au 150, mjini au shambani, bila kuuliza: shuka safi, mlango unaofungika, maji ya kunawa hata kama ni ya ndoo, choo kinachofanya kazi, chandarua kisicho na matundu, mtu wa kumwita usiku, bei isiyobadilika, na kulala. Hoteli inauza usingizi kabla ya kuuza kitu kingine chochote. Spika mita chache kutoka dirishani hadi saa tisa na nusu ni kuchukua kwa mkono wa kushoto kile ulichouza kwa mkono wa kulia. Hoja ya kwamba bustani ni biashara nyingine haisimami, maana sauti haina ukuta. Hapa hoteli ilikosa kabisa, na nusu bei ya Jumamosi ninaiona ndogo. Ningekuwa mimi mzee yule, usiku ule ungekuwa bure.

Bei iko katika kundi hilo hilo. TVA ipo nchini tangu 2012 na asilimia 16 si siri, lakini mteja anayeambiwa 45 ana haki ya kuamini ni 45. Kama kodi inadaiwa, iwe ndani ya bei inayotajwa. Noti nayo kila Mkongomani anaijua: dola yenye mpasuko hupita kwa shida hapa, na mhasibu akiipokea, benki itamrudishia yeye. Hakuwa na kosa kuikataa. Kosa lilikuwa kuikataa mbele ya watu wote, asubuhi ile, bila kumpa binti njia nyingine ya kulipa.

Halafu kuna mambo yanayotegemea kilichosemwa. Umeme wa saa 24 si haki ya mgeni wa hoteli ya shambani huku kwetu, na maji ya moto ya bomba alfajiri pia si haki yake. Anayetaka hayo bila kukosa aende hoteli kubwa mjini alipe bei yake. Lakini yakishaulizwa na kujibiwa “iko”, yanakuwa deni. Sheria yetu ya mapatano, dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya, na kwamba yatekelezwe kwa nia njema. Haidai muhuri. Simu ya binti yule ilikuwa mapatano.

Kwa hiyo kwenye maji ya moto hoteli ilikosea siku ya simu, si alfajiri ya Jumamosi. Jibu la kweli lingechukua pumzi moja: “Maji ya bomba yanapata moto SNEL ikiwepo, isipokuwepo tunawaletea ndoo, mtuambie saa.” Sidhani kuna familia ya Bukavu ingekataa. Nusu yao wanaoga hivyo nyumbani. Wasimamizi wengi ninaowafundisha huogopa kwamba ukweli hufukuza wateja, na hata kisa hiki hakikumtoa mwenye hoteli hofu hiyo yote. Ila angalia ndoo za dada wa usafi. Zilitoka kwenye jiko lile lile, makala yale yale, na zikapokewa kama zawadi. Jambo lile lile likiahidiwa mapema lingekuwa huduma ya kawaida, na yeye asingehitaji kuwa shujaa.

Kuna mambo mengine ambayo mgeni hana haki ya kuyalalamikia, na hapa niko upande wa hoteli. Kuku wa kienyeji anachinjwa ukishaagiza. Hayuko kwenye friji kwa sababu friji haina umeme. Mbabula mbili haziwezi kuivisha sahani saba kwa wakati mmoja. Kwenye kimo chetu maji huchemka kwa joto la chini kuliko pwani, karibu digrii 95, na maharage yanajua hilo. Saa mbili za kusubiri chakula kilichoagizwa usiku bila taarifa ni za haki kabisa. Shambani chakula huagizwa asubuhi kwa ajili ya jioni, nao waliochelewa bila kupiga simu walijikatia wenyewe mwanga wa mezani.

Lakini ile orodha ndefu ya plastiki ndiyo iliyowadanganya. Karatasi yenye vyakula ishirini inamwambia mgeni kuna jiko la vyakula ishirini. Mpishi mwenyewe alinikiri kwamba siku ya kawaida anaweza vinne. Ningependa kuona ubao wa chaki mlangoni wenye vile vinne, na mtu anayejua kueleza habari ya mwezi na sambaza.

Kuzima jenereta saa nne watu wakiwa mezani ni suala la kichwa, si la mazutu. Lita mbili tatu zaidi zingegharimu kidogo sana kuliko alichopoteza Jumapili. Mlinzi hakuwa na ruhusa ya kuchelewesha hata nusu saa, na mwenye ruhusa alikuwa amelala. Huyu huyu mlinzi, kesho yake, alifikiria chumba cha semina kabla ya mtu mwingine yeyote. Wafanyakazi wa chini katika kisa hiki waliona vizuri kuliko mkubwa wao, ila mmoja tu alithubutu kutenda bila kuuliza.

Kilichofanya kazi vizuri ni namna mzee alivyotenganisha madai. Kila upande ulikuja na bonge moja: “tumeharibiwa wikendi” dhidi ya “mmetumia vyumba”. Yeye alikwenda usiku kwa usiku, sahani kwa sahani. Familia ilikubali kulipa Ijumaa bila manung'uniko ilipoona Jumamosi inahesabiwa peke yake. Alichokiacha, na nadhani alikiacha kwa makusudi, ni suala la nani alipaswa kuomba radhi.

Baada ya kisa tuliandika ujumbe mmoja wa simu ambao sasa hutumwa kabla ya avansi kupokelewa: bei yenye kodi ndani, saa za jenereta, ndoo za maji ya moto na saa zake, chakula kuagizwa kabla ya saa nne asubuhi, hali ya noti za dola, na kama wikendi hiyo kuna sherehe bustanini. Mistari mitano ilikubaliwa siku hiyo hiyo. Ule wa sherehe tulibishana juu yake muda mrefu. Mwenye hoteli alisema majirani zake wote wanapokea harusi na hakuna anayeandika, kwa hiyo yeye ataonekana ndiye mwenye kelele peke yake. Mwishowe alikubali utolewe humo na kuandikwa kwa wageni waliokwisha kulipa tu, wenye haki ya kubadilisha tarehe bila kukatwa. Kwa anayeuliza bei, bado hauandikwi. Kuhusu saa ya kuzima muziki, mkataba wa bustani sasa unasema saa sita na mwenye sherehe anaweka dola 100 za dhamana. Zimeshachukuliwa mara kadhaa, na muziki mara hizo uliendelea.